Ikulu Ndogo na Lango la Mpakani

Askari polisi wa Kenya anayeshika zamu katika lango la Busia, akikagua mizigo ya malori na vikapu vya akina mama, aghalabu amepata mafunzo yake mahali penye baridi kali kuliko hapo. Mahali penyewe ni Kiganjo, karibu na Nyeri, chini ya Mlima Kenya, ambako chuo cha polisi kimewapokea makuruta wa vizazi vingi, kikawaamsha kabla ya jua na kuwakimbiza juu ya nyasi zenye umande. Si mbali na chuo hicho, mahali ambapo mto Sagana unateremka kutoka msituni, kuna nyumba ya mbao za mierezi ambayo kuruta huiona kwa mbali tu, au huijua kwa uzio wake. Hiyo ndiyo Ikulu ndogo ya Sagana.

Upande wa pili wa lango yuko askari wa Uganda, pengine wa kambi ya Rubongo huko Tororo, penye jabali kubwa linaloonekana kutoka nchi zote mbili. Yeye naye analo jina la nyumba ambalo amelisikia tangu utoto wake: Entebbe, kando ya ziwa. Wala Sagana wala Entebbe haiko karibu na mpaka. Kutoka Busia kwenda kila mojawapo ni safari ya mchana mzima au zaidi. Walakini, mara kadhaa katika historia, yaliyozungumzwa ndani ya nyumba za namna hiyo yamewafikia watu wa Busia na Tororo kabla ya kuwafikia wengine wote, nao wameyapokea kwa njia ya lango lililofungwa, chumvi iliyoadimika na mume aliyeitwa kambini usiku.

Neno lenyewe Ikulu lilitoka bara. Wanyamwezi na Wasukuma waliliita hivyo boma la mtemi, mahali palipokuwa na ua, ghala, ngoma na wazee wa shauri. Katika boma hilo mtemi alilala, alikula, alihukumu na kupokea wageni; hapakuwa na nyumba moja ya kazi na nyingine ya kupumzikia. Habari ya kiongozi kuwa na nyumba ya pembeni, ya kukimbilia joto na kelele za mji mkuu, ililetwa na wakoloni, ambao walitafuta sana vilima vyenye upepo. Baada ya uhuru nyumba hizo zilibaki, zikapata bendera mpya na jina la Ikulu ndogo. Kwa upande wa Kenya, zilizo karibu zaidi na Busia ni ile ya Kakamega na ile ya Kisumu. Kwa upande wa Uganda iko ya Mbale, chini ya Mlima Elgon, ambayo msafara wa Rais ukielekea huko kwa njia ya Tororo, watoto wa shule hupanga mistari barabarani tangu asubuhi.

Sagana ndiyo yenye hadithi inayojulikana duniani kote. Mwaka 1947 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliolewa na Philip, na serikali ya koloni la Kenya ikaamua kuwapa nyumba kuwa zawadi ya arusi. Ilitangazwa kuwa ni zawadi ya watu wa Kenya. Hapa msomaji atatabasamu kidogo, kwani watu walioishi pembezoni mwa msitu ule, ambao ardhi yao ilikuwa imechukuliwa na walowezi, hawakuulizwa kama walikuwa na zawadi ya kutoa. Nyumba ikajengwa hata hivyo, si kubwa sana, ya mierezi na mawe, mbele yake majani yaliyokatwa vizuri na mbele zaidi mto wa maji baridi. Ndani ya mito ya mlima huo Wazungu walikuwa wamepandikiza samaki aitwaye trauti, ambaye hakuwa wa nchi hii, ili wapate kuvua kama walivyozoea kwao.

Wenye zawadi walifika kuiona kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 1952, wakiwa njiani kuelekea Australia na New Zealand. Usiku wa tarehe 5 walilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, wakitazama tembo na vifaru wakija kunywa maji. Usiku huohuo huko Uingereza, Mfalme George wa Sita alifariki dunia usingizini. Asubuhi ya tarehe 6 binti yake alirejea Sagana akiwa Malkia tayari, naye hajui. Gavana Sir Philip Mitchell alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Mombasa, ambako meli Gothic iliwangoja wageni. Habari hazikufika kwa njia ya serikali; zilipita kwa mwandishi wa gazeti mmoja huko Nyeri, zikafika kwa katibu wa Binti Mfalme, zikapigwa kwa simu hadi Sagana, na huko wakafungua redio ili kuhakikisha. Philip ndiye aliyemwambia mkewe. Husimuliwa kwamba walitoka wakatembea taratibu bustanini, wakielekea mtoni, na kwamba wapiga picha waliokuwa wakingoja langoni waliziweka kamera zao chini.

Jioni ile msafara uliondoka kwenda uwanja wa ndege wa Nanyuki. Kutoka Nanyuki ndege ndogo iliwavusha hadi Entebbe, kwa kuwa ndege kubwa ya kwenda London iliwangoja huko, na hapo Entebbe mvua ya radi ikawazuia kwa saa kadhaa kabla ya kuruka. Hivyo basi, siku moja ilifungamanisha nyumba ya Sagana na mji wa Entebbe, na kati yake ilikuwako nchi ya magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, ambako usiku ule watu wa Samia na Wateso walikuwa wakilala kwa desturi yao, bila kujua kwamba mtawala wao aliyebadilika alikuwa akiruka kuelekea ziwani.

Miezi tisa haikutimia kabla nchi ya Nyeri haijabadilika kabisa. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Msitu ulioizunguka Sagana ukawa makao ya wapiganaji wa Mau Mau, na mwaka 1954 ile hoteli ya Treetops ikachomwa moto. Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri, alikamatwa karibu na msitu wa Aberdare mnamo Oktoba 1956. Nyumba ya mapumziko ikawa imekaa katikati ya vita ambavyo chanzo chake kilikuwa ardhi, na hakuna uzio uliotosha kuificha na jambo hilo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Sagana ilirudishwa kwa serikali ya nchi, nayo imetumika tangu hapo kwa marais wote. Siku hizi hutajwa zaidi kwa mikutano ya siasa kuliko kwa samaki. Tarehe 23 Februari 2022, Rais Uhuru Kenyatta aliwahutubia hapo watu wa eneo la Mlima Kenya juu ya nani amrithi, na hotuba hiyo ilijadiliwa mpaka katika vibanda vya chai vya Busia.

Jambo moja ambalo watu wa nje hawalioni ni kazi inayofanyika katika nyumba kama hiyo wakati mwenyewe hayupo. Ikulu ndogo haina siku ya kufungwa. Majani hukatwa, shuka huanikwa juani, kuni hupasuliwa na mabomba hutazamwa, kwani taarifa ya safari ya kiongozi huja kwa saa chache tu. Askari wa lindo hukaa mvua na jua akilinda vyumba vitupu. Nchini Kenya kikosi cha GSU kimeshika lindo la Ikulu kwa miaka mingi. Nchini Uganda kazi hiyo ni ya Kikosi Maalum cha jeshi. Mke wa askari wa lindo la namna hii ana maisha ya peke yake: haulizi mumewe anarudi lini, kwa kuwa mwenyewe hajui; hasimulii jirani kwamba mume amesafiri, kwa kuwa jirani angejua kwamba mkubwa naye amesafiri. Watoto hufundishwa mapema kunyamaza kuhusu kazi ya baba. Uzuri wa bustani zinazoonekana katika picha umejengwa juu ya kunyamaza huko.

Wenzetu wa ng'ambo nao wanazo. Waingereza wanayo Chequers, iliyotolewa na tajiri mmoja na mkewe ili mawaziri wakuu wasio na mashamba yao wapate mahali pa kupumulia. Wamarekani wana kambi ya milimani huko Maryland, ambayo Rais Roosevelt aliianza mwaka 1942, na Rais Eisenhower akaipa jina la Camp David kwa ajili ya mjukuu wake. Kambi hiyo iko chini ya jeshi la wanamaji. Mnamo Septemba 1978 Rais Carter aliwafungia humo Sadat wa Misri na Begin wa Israeli kwa siku 13, mpaka wakatoka na mapatano. Inafaa kukumbukwa kwamba mapumziko ya siku zile 13 hayakumpumzisha mtu yeyote.

Entebbe ni mkubwa kwa umri kuliko Sagana. Jina lake limetokana na neno la Kiganda la kiti, kwa ajili ya viti vya mawe vilivyokuwa kando ya ziwa. Mwaka 1893 Sir Gerald Portal alipachagua pawe makao ya utawala wa Kiingereza, na mwaka 1898 ikaanzishwa bustani ya mimea ambamo miti ya mpira, kahawa, kakao na viungo vya kila namna ilijaribiwa kabla ya kupelekwa mashambani. Nyumba ya Gavana ilisimama juu, ikitazama maji. Mnamo 1907 alifika Winston Churchill, wakati huo akiwa waziri mdogo wa makoloni, akasifu sana maua na vivuli. Lakini pwani hizohizo za ziwa, kutoka Busoga hadi Samia, zilikuwa zimejaa misiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu zaidi ya laki mbili, na Gavana Hesketh Bell alikuwa akiwahamisha walionusurika mbali na maji, mbali na mbung'o. Wavuvi wa Samia waliacha mitumbwi yao ikaoza. Bustani nzuri na vijiji vitupu vilitazamana katika ziwa moja.

Na ni katika ofisi za Entebbe na London, si Busia, ambako mpaka ulisogezwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea mpaka karibu na Naivasha. Mtu wa Kisumu, wa Mumias na wa Busia alikuwa chini ya Entebbe. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mnamo Desemba 1901, wakubwa waliona ni afadhali njia yote iwe chini ya utawala mmoja, na tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo likahamishiwa upande wa Kenya. Kwa kalamu moja ndugu wa Kisamia wakawa wa nchi mbili, na vivyo hivyo Wateso wa Tororo na wa ng'ambo ya mto Malaba. Kwa muda mrefu halikuwa jambo kubwa kwao. Bibi harusi aliendelea kuvuka na ng'ombe wa mahari akavuka kumfuata. Reli nyingine ikapita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Na baada ya Malkia Elizabeth kufungua bwawa la Owen Falls huko Jinja mwaka 1954, umeme nao ukavuka kwa Tororo kwenda Kenya juu ya nguzo zilizoonekana kama hazina habari ya mpaka.

Mpaka uliamka mwezi wa Februari 1976. Idi Amin, aliyeitawala Uganda tangu Januari 1971, alitangaza kwamba nchi zile zilizohamishwa mwaka 1902 zilikuwa haki ya Uganda, akataja sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya na kuendelea. Mtu aliyekaa mbali angeweza kucheka. Lakini katika Busia, ambako duka liko Kenya na kisima kiko Uganda, hakuna aliyecheka. Mzee Jomo Kenyatta alijibu kwamba Kenya haitaachia hata shubiri moja ya ardhi, na wananchi wakaandamana katika miji mbalimbali.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka Mombasa. Kenyatta hakuipenda sana Ikulu ya Nairobi; alipenda kulala nyumbani kwake Gatundu, na kwa muda mrefu wa mwaka alikaa Nakuru au katika Ikulu ya Mombasa, iliyoko kando ya bahari, penye njia ya meli zinazoingia Kilindini. Shehena ya Uganda yote ilipita hapo. Wapakuzi wa bandari wakakataa kuigusa. Malori ya mafuta yakasimama, na Uganda, nchi isiyo na pwani, ikaanza kukauka. Amin akalegeza maneno yake. Lakini Julai mwaka huohuo makomando wa Israeli walishambulia uwanja wa Entebbe kuwaokoa mateka, nao walikuwa wamepitia Nairobi kurudi kwao. Uhasama ukawaka upya, hata mapatano ya Agosti 1976 yakaupunguza makali.

Katika miezi hiyo na miaka iliyofuata, watu wa Tororo na Busia waliishi kwa magendo, na si wote waliofanya hivyo kwa tamaa. Sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya taa vilitoka Kenya. Kahawa ilitoka Uganda usiku, hasa bei yake ilipopanda duniani baada ya baridi kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975. Askari wa pande zote walipewa amri ya kuzuia, na mishahara ya wengi wao haikutosha kununua ile sukari waliyoizuia. Jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa familia nyingi za askari zinalikumbuka.

Naye Kenyatta alifariki katika Ikulu ya Mombasa usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1978, bahari ikisikika nje. Amin hakupata mwisho wa namna hiyo. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walivuka na kuishambulia Tororo, wakashika kambi kwa muda mfupi kabla ya kurudishwa nyuma. Aprili mizinga ya JWTZ ikafika karibu na ziwa na kuanza kupiga Entebbe. Amin alikuwa katika Ikulu hiyo, nyumba ya upepo na maua. Makombora yalipoanguka jirani akapanda helikopta akaenda zake Kampala, na tarehe 7 Aprili mji wa Entebbe ukatekwa. Siku nne baadaye Kampala nayo ikaanguka. Kabla ya mwezi huo kwisha, Watanzania walikuwa Tororo, na askari wengi wa Amin walikuwa wamekwisha kukimbilia Kenya kwa njia ya Busia.

Lakini siku ambazo watu wa Busia wazima kwa umri huzizungumza kwa sauti ya chini ni zile za Desemba 1987. Yoweri Museveni alikuwa ameshika serikali ya Uganda tangu Januari 1986. Rais Daniel arap Moi hakumwamini. Kenya ilishuku kwamba wapinzani wake walipata hifadhi Uganda, na Uganda nayo ilishuku hivyohivyo. Zaidi ya hayo palikuwa na ugomvi wa mizigo, maana Uganda ilipenda kutumia reli kuliko malori ya Kenya. Wakati huo wote wakubwa walizungumza kwa mbali, kila mmoja katika Ikulu yake, kwa njia ya matangazo na mabalozi. Katikati ya mwezi wa Desemba risasi zikalia Busia, kati ya polisi wa Kenya na askari wa Uganda. Watu wakafa. Mpaka ukafungwa.

Namna Busia ilivyo ndiyo iliyofanya jambo hilo liwe chungu. Huo ni mji mmoja wenye jina moja katika nchi mbili. Mwenye kuuza dagaa huwaita omena akisimama upande huu na mukene akisimama upande ule, na samaki ni walewale. Kati ya vituo viwili vya forodha palikuwa na mwendo mfupi ambao magari yasiyo na ruhusa hayakuweza kupita, na vijana wenye baiskeli walikuwa wameanza tangu miaka ya 1960 kuwapakia abiria na mifuko yao nyuma, wakiita kwa Kiingereza cha kuvunjika kwamba wanakwenda kutoka mpaka hadi mpaka: boda, boda. Neno hilo limeenea Afrika Mashariki yote, hata mtoto wa Dar es Salaam anayepanda bodaboda leo hajui kwamba analipia nauli ya Busia. Katika siku zile za Desemba baiskeli hizo zilisimama zimeegemezwa ukutani, siku chache kabla ya Krismasi, wakati ambapo kwa kawaida hubeba kuku, mchele na nguo mpya za watoto.

Wake wa askari waliokaa katika kota za pande zote mbili walikuwa wakijuana. Walinunua unga katika soko moja. Baadhi yao walikuwa ndugu wa ukoo. Waume zao sasa walikuwa wakitazamana kwa mitutu. Hakuna kumbukumbu ya serikali inayoandika mazungumzo ya akina mama hao, na pengine hayakuwako, kwani hakukuwa na njia ya kuvuka kwenda kuzungumza.

Siku chache baada ya Krismasi, marais hao wawili walikutana. Wangeweza kukutana Nakuru, ambako Moi alipenda kukaa, au Entebbe, au mahali pengine popote penye bustani na viti vya starehe. Walikutana Malaba, palepale mpakani, kilomita chache kutoka Tororo, penye kituo cha forodha, reli na vumbi. Wakakubaliana kupunguza askari na kuufanya mpaka upitike tena. Imani haikuja siku hiyo. Ilichukua miaka mingi, na mpaka mwaka 1999, zilipotia saini pamoja na Tanzania mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huko Arusha, nchi hizo mbili zilikwaruzana mara kadhaa. Lakini baiskeli zilianza kutembea.

Malkia yule aliyeondoka Entebbe katika mvua ya radi mwaka 1952 alirudi huko mwezi wa Novemba 2007, kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, akapokewa katika Ikulu iliyokuwa imejengwa upya na kupanuliwa kwa ajili ya mkutano huo. Bustani ilikuwa imepandwa upya, barabara ya kutoka Kampala imepakwa rangi. Ikulu ya Entebbe leo ni nyumba kubwa kuliko ile ambayo Gavana yeyote aliwahi kulala.

Marais walifika tena mpakani tarehe 24 Februari 2018. Siku hiyo Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri hugongewa muhuri wa nchi zote mbili mahali pamoja, akiwa upande anaoingia. Maofisa wa Kenya hukaa na wa Uganda chini ya paa moja. Walipanga hema na viti, bendi ya polisi ikapiga, hotuba zikasomwa, nao wakaondoka kabla ya jua kuchwa kwa misafara yao mirefu. Busia haina Ikulu ndogo, na kiongozi hana mahali pa kulala hapo.

Baada ya vumbi la magari kutua, konstebo aliyefunzwa Kiganjo alibaki katika zamu yake, na koplo kutoka upande wa Tororo alibaki katika yake, sasa wakiwa wametenganishwa na meza moja. Foleni ya malori ilikuwa imezuiwa tangu asubuhi kwa ajili ya sherehe, ikafika mbali. Akina mama wa dagaa walikuwa wa kwanza kuruhusiwa, kwa sababu samaki hangoji.